Baridi Tunayo, Theluji Hatuna

Kila mwaka ukifika mwezi wa Juni au Julai, kuna picha huanza kuzunguka kwenye makundi ya WhatsApp. Shamba la viazi limekuwa jeupe. Majani yamesimama kama yamenyunyiziwa chumvi. Chini ya picha mtu ameandika kwamba theluji imeanguka Njombe, na ndani ya saa moja watu wa Dar es Salaam wameshaanza kuulizana nauli. Sisi tuliokulia huku mara nyingi hatujibu. Tunajua ile ni sakitu, itayeyuka kabla ya saa nne asubuhi, na mwenye shamba atabaki amesimama katikati ya majani yaliyoungua, akihesabu hasara.

Theluji huanguka kutoka mawinguni. Sakitu huota palepale juu ya jani, usiku usio na mawingu, ardhi inapopoteza joto lake na unyevu mdogo uliopo hewani ukaganda. Mji wa Njombe uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na Makambako, kilomita 60 hivi kuelekea kaskazini, uko chini yake kidogo. Mwinuko huo hautoshi kuleta theluji, lakini hata ungeongezeka bado tungekuwa na tatizo la ratiba. Mvua zetu huanza Novemba na kwisha Aprili au Mei, na hiyo ndiyo miezi ya joto. Baridi kali inakuja Juni, mawingu ya mvua yakiwa yameshaondoka. Maji na baridi vinapokezana zamu kama walinzi wawili wa geti moja. Hata nyanda za Kitulo, zinazopita mita 2,600, huamkia sakitu tu.

Lakini nguo za theluji tunazo tele. Pita kwenye mitumba ya Makambako asubuhi ya Julai uone makoti yaliyojazwa sufi, yenye kofia, mifuko ya zipu kila upande na rangi kali za kumfanya mtu aonekane kwenye weupe. Madereva wa bodaboda huyagombea, maana upepo wa barabara ya Njombe saa kumi na moja alfajiri hauna huruma. Langu nililinunua hapo nikiwa mwanafunzi. Kwenye zipu kulikuwa kumebaki kitanzi cha waya chenye kipande cha karatasi ngumu kilichochanika. Muuzaji alidhani ni lebo ya bei. Miaka baadaye nikaja kujua kuwa ilikuwa tiketi ya siku moja. Kwenye baadhi ya milima ya kutelezea huko Ulaya na Marekani, tiketi hufungwa kwenye zipu ya koti ili mwendesha mtambo wa kupandisha watu aione bila wewe kuvua glavu.

Nilichopenda kuhusu michezo hiyo, nilipoanza kuisoma, si mashindano wala hoteli za matajiri. Ni vile vilima vidogo vya jirani ambavyo familia za kawaida huenda siku moja na kurudi jioni. Kuna kamba ndefu inayozungushwa na injini. Unaishika, inakuburuta mpaka juu. Baba anapiga magoti kumfunga mtoto viatu. Mama amebeba chai kwenye chupa. Wanateremka wakiwa wamesimama juu ya skii, zile mbao mbili nyembamba zilizopinda mbele, wanaanguka, wanacheka, wanapanda tena. Hawarudi na kuni, wala uyoga, wala ndoo ya maji. Familia nzima imetumia siku kupanda na kushuka kilima bila mzigo.

Nikajiuliza kama miteremko ya nchi hii imewahi kukanyagwa na skii. Imewahi, na zamani sana.

Kwanza tuangalie maneno yenyewe, kwa sababu yanatuambia tulikutana vipi na kitu hiki. Barafu ni neno la Kiajemi, na huko asili yake maana yake ni theluji hasa. Theluji ni la Kiarabu. Yote mawili yalipitia pwani, mahali ambapo hakuna kimoja wala kingine. Mmisionari Johannes Rebmann alipouona weupe wa Kilimanjaro tarehe 11 Mei 1848, alimuuliza kiongozi wake wa safari kile ni nini. Yule bwana hakuwa na jina lake. Alisema ni "baridi". London, mtaalamu wa jiografia William Desborough Cooley, ambaye hakuwahi kuja kuuona mlima, aliandika kwa miaka kwamba Rebmann amekosea na theluji karibu na ikweta haiwezekani. Mimi nampa pointi zote yule kiongozi. Hakuwa na nadharia, alikuwa na ngozi.

Wachaga wao walikuwa na kumbukumbu mbaya zaidi. Rebmann na mwenzake Krapf waliandika simulizi walizozikuta, kwamba mtawala mmoja wa Machame aliwahi kutuma watu wakachunguze ule weupe uliofanana na fedha. Wengi hawakurudi. Aliyerudi alikuwa na mikono na miguu iliyoharibiwa na baridi. Basi hivyo ndivyo theluji inavyoingia kwenye historia yetu iliyoandikwa, kama kitu kilichotafutwa kwa amri ya mkubwa na kulipiwa kwa vidole vya wadogo.

Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kilele cha Kibo Oktoba 1889. Miaka 23 baadaye, mwaka 1912, wakaja Wajerumani wengine wawili, Walter Furtwängler na Siegfried König. Walikuwa msafara wa nne tu kufika huko juu, na walikuja na skii. Walter alikuwa mdogo wake Wilhelm Furtwängler, ambaye baadaye alisifika duniani kama kondakta (wa okestra, si wa daladala). Vijana hawa wawili walipanda Kibo, na katika kushuka wakazivaa skii zao na kuteleza. Wakati huo hapakuwa na kamba ya kuvuta mtu, wala tiketi ya kufunga kwenye zipu, wala mtazamaji. Ndiyo siku ya kwanza ya mchezo huo ninayoijua katika nchi inayoitwa leo Tanzania.

Fikiria lakini zile mbao zilivyofika pale. Skii za enzi hizo zilikuwa mbao nzito, ndefu kuliko anayezivaa. Reli ya kutoka Tanga ilikuwa ndiyo kwanza imefika Moshi. Kutoka hapo kwenda juu, mizigo ya misafara ilikwenda vichwani na mabegani mwa wapagazi, kupitia migombani, halafu msituni ambako mzigo mrefu unanasa kila tawi, halafu kwenye nyika ya mawe. Majina ya walioteleza yapo kwenye vitabu, na la mmoja wao liko kwenye ramani, kwa sababu pande la barafu karibu na kilele linaitwa Furtwängler. Majina ya waliobeba hayapo.

Mwaka huohuo walikuwapo mlimani Wajerumani wengine wawili, Eduard Oehler na Fritz Klute. Tarehe 29 Julai 1912 walikuwa watu wa kwanza kufika kilele cha Mawenzi. Kazi yao kubwa zaidi ilikuwa kupima. Ramani ya Klute ndiyo iliyowawezesha wataalamu wa baadaye kukadiria kwamba barafu ya Kilimanjaro ilikuwa imetanda kilomita za mraba 12 hivi. Kwa hiyo unaposoma kwamba kati ya 1912 na 2007 barafu hiyo ilipungua kwa asilimia 85, ikabaki chini ya kilomita za mraba 2, ujue hesabu inaanzia mwaka uleule wa skii za kwanza. Pande la Furtwängler lenyewe lilikuwa mita za mraba 113,000 mwaka 1976. Kufikia 2000 lilikuwa 60,000, viwanja vinane hivi vya mpira. Wanasayansi wamebishana sana ni kiasi gani kinatokana na joto la dunia na kiasi gani na hewa ya mlimani kuwa kavu zaidi tangu mwisho wa karne ya 19. Kinachoonekana kwa macho hakibishaniwi.

Kilimanjaro, hata hivyo, si kilima cha jirani, na vijana wawili wenye wapagazi si familia. Hadithi iliyo karibu zaidi na swali langu iko huku kwetu kusini, na watu wanapita jirani nayo kila siku ndani ya basi bila kujua.

Kidugala ni misheni ya zamani ya Walutheri wa Kijerumani waliotoka Berlin, si mbali na Makambako, siku hizi ndani ya Wilaya ya Wanging'ombe. Watu wengi wa mkoa wanaijua kwa seminari yake. Katika miaka ya Vita Kuu ya Pili ilikuwa kambi ya wakimbizi kutoka Poland.

Poland ilikuwa nchi ya skii hasa. Mji wake wa milimani, Zakopane, uliandaa mashindano ya dunia mwaka 1929, ukayaandaa tena Februari 1939. Mwaka mmoja baadaye, mwezi uleule wa Februari, nchi ikiwa imeshagawanywa kati ya Ujerumani ya Hitler na Urusi ya Stalin, askari wa Kisovieti walianza kugonga milango ya familia za mashariki mwa Poland. Operesheni ya kwanza ilianza tarehe 10 Februari 1940, usiku, katikati ya baridi kali. Watu walipakiwa kwenye mabehewa ya mizigo na kupelekwa Siberia na kaskazini mwa Urusi kukata magogo. Makundi yaliyofuata yalipelekwa hadi Kazakhstan. Wengi walikufa. Ujerumani ilipoivamia Urusi mwaka 1941, Stalin alikubali kuwaachia, na Jenerali Władysław Anders akaanza kuunda jeshi kutoka miongoni mwao. Mwaka 1942 zaidi ya watu 100,000 walivuka Bahari ya Kaspi kuingia Iran.

Hapo familia zikagawanyika. Wanaume wenye nguvu walikwenda na jeshi, na wengi wao baadaye walipigana Monte Cassino huko Italia. Wanawake, watoto na wazee walitafutiwa mahali kwenye makoloni ya Waingereza. Karibu 18,000 waliletwa Afrika Mashariki na Kusini. Kwetu kambi kubwa ilikuwa Tengeru karibu na Arusha, yenye watu 5,000 hivi. Nyingine ndogo zilikuwa Kondoa, Morogoro, Ifunda na hapa Kidugala. Serikali iliwaleta watoto waliotoka kwenye theluji ya Siberia katika wilaya ya baridi kuliko nyingi za Tanganyika. Lakini kumbuka watoto hao theluji ya mwisho waliiona wapi. Kwao ile haikuwa kilima cha Jumapili. Ilikuwa behewa, na mtu anayekufa humo.

Na wenyeji wa Kidugala je, Wabena waliokuwa wakiwaona wageni hawa? Nao baba zao hawakuwapo. Njombe ilikuwa moja ya sehemu zilizotegemewa kutoa manamba, vibarua wa mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro. Japani ilipoziteka Ufilipino na visiwa vya Indonesia mwaka 1942, mkonge wa Tanganyika ukawa dhahabu, kamba za meli na za jeshi zikatoka hapa, na vibarua wakatafutwa kwa mikataba na kwa kulazimishwa. Mwaka 1944 wenye mashamba walianzisha SILABU, ofisi yao ya kuandikisha watu, ambayo jina lake wazee wa huku bado wanalitamka kana kwamba ni jina la mtu. Wengine walivaa sare za King's African Rifles na kupelekwa Burma.

Nimelifikiria jambo hili mara nyingi nikipita pale. Katika miaka hiyohiyo, kwenye vilima vilevile, kulikuwa na wanawake wa Kipolandi wanaolea watoto peke yao kwa sababu wanaume wako vitani, na wanawake wa Kibena wanaolea watoto peke yao kwa sababu wanaume wako mkongeni au vitani. Siku ya familia mlimani inahitaji vitu vichache mno: mteremko, muda usio na mwenyewe, na familia iliyo mahali pamoja. Mteremko wa Kidugala ulikuwapo siku zote. Vilivyokosekana ni hivyo vingine viwili, na havikukosekana kwa bahati mbaya. Kwa maoni yangu, kukosekana kwa theluji ni sababu dogo kabisa ya sisi kutokuwa na utamaduni wa kwenda mlimani kucheza.

Mwishoni mwa miaka ya 1940 kambi zilifungwa moja moja. Wapolandi walitawanyika kwenda Uingereza, Australia na kwingineko. Mwaka 1949 watoto yatima zaidi ya 100 kutoka Tengeru walipelekwa Kanada, wakarudi kwenye theluji. Kidugala ilibaki na makaburi yao. Mwaka huohuo wa 1949 shirika la maendeleo la Waingereza kwa makoloni lilianzisha Njombe kampuni ya miwati, TANWAT, na vilima vikaanza kufunikwa kwa mistari ya miti iliyopandwa kwa ajili ya magome ya kusindika ngozi. Mlima ukawa na mwenyewe. Ulipanda kwenda kazini, ukashuka na magome.

Nusu karne ikapita ndipo mtu wa ukanda huu akapanda skii mbele ya dunia nzima, na hakutoka kwetu. Philip Boit, mkimbiaji wa Eldoret, mpwa wa Mike Boit aliyepata shaba ya mita 800 kwenye Olimpiki ya 1972, hakuwa amewahi kuona theluji mpaka alipopelekwa Finland mwaka 1996 kwa udhamini wa kampuni ya viatu ya Nike. Akirudi Kenya alifanya mazoezi kwa skii za magurudumu barabarani. Tarehe 12 Februari 1998, huko Nagano, Japani, alishiriki mbio za kilomita 10 na kumaliza wa 92, wa mwisho, dakika 20 nyuma ya mshindi. Mshindi huyo, Bjørn Dæhlie wa Norway, alikataa kwenda kupokea medali mpaka Boit afike, akamkumbatia kwenye mstari. Boit alimpa mwanawe jina la Dæhlie. Wapo waliosema yote yale ni tangazo la viatu, na hawakukosea sana. Lakini Boit aliendelea, akashiriki tena 2002 na 2006, wakati kamera zilikuwa zimeshapungua. Tanzania, yenye mlima mrefu kuliko yote Afrika, ilikuwa haijapeleka mtu hata mmoja kwenye michezo hiyo ya majira ya baridi hadi ile ya Beijing ya 2022.

Huku Njombe, baada ya miwati, mipaini imeenea kila upande. Majani ya paini ni marefu na membamba, yakikauka yana utelezi wa ajabu, na chini ya shamba lililokomaa hutanda kama zulia. Mwezi wa Agosti na Septemba, yakiwa makavu kabisa, watoto hupasua dumu la lita 20 kwa kisu, wakalilaza upande wa nje chini, mmoja akakaa, mwingine akasukuma. Ukishaanza kuteremka huna breki. Unajua kuongoza kwa visigino, au hujui na unajifunza kwenye mti. Mvua ikinyesha mchezo umekwisha mpaka mwakani, kwa hiyo nasi tuna msimu wetu, ule hasa ambao maji hayapo.

Jumapili moja ya Septemba tulikwenda ukoo mzima baada ya ibada, na maandazi, na chai kwenye chupa. Shangazi yangu amevuka miaka sitini. Baba yake, yaani babu yangu, alikwenda mkongeni Tanga kwa mkataba zaidi ya mara moja, na yeye mwenyewe ujanani alikuwa kibarua wa magome kwenye vilima hivyohivyo. Alikaa chini ya mti muda mrefu akituangalia. Kisha akainuka, akakunja kitenge chake, akasema, "Nyie, leteni hilo dumu. Mlima huu nimeushuka miaka na mzigo kichwani, leo nataka kujua ukiwa mtupu unakwendaje."

Watoto walimketisha, mmoja akakaa mbele yake kama ngao. Alipiga kelele kutoka juu mpaka chini, akasimama kwenye kichaka cha miwati michanga, kilemba kimebaki nyuma hatua ishirini. Hakuna aliyethubutu kucheka mpaka alipoanza yeye. Halafu akadai zamu nyingine, na watoto wakamwambia kwa heshima zote kwamba foleni ni foleni, shangazi, na kwamba dumu halijipandishi lenyewe.

Alilibeba mwenyewe mpaka juu. Jioni ile mama alihesabu suruali tatu zilizochanika makalioni, moja ikiwa ya shule.